Kuchagua programu ya bure ya kanzidata kwa matumizi binafsi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetunza kumbukumbu zake mwenyewe kwenye kompyuta moja au mbili: mweka hazina wa kikoba, mwenye nyumba na wapangaji wake, mfugaji, mtu mwenye maktaba nyumbani. Mifano mingi ni ya kikoba, kwa kuwa daftari la mweka hazina lina kila kitu kinachosumbua kwenye kanzidata, yaani majedwali ya taarifa yanayohusiana: watu, fedha, tarehe na madeni.

Nahitaji kanzidata kweli, au Excel inatosha?

Orodha moja isiyohusiana na orodha nyingine, kama vile bajeti ya harusi au ratiba ya zamu, iache kwenye Excel au LibreOffice Calc. Hamia kwenye kanzidata unapojikuta unaandika jina lilelile mara nyingi. Ukiandika "Mama Asha" leo, "Mama Asha M." wiki ijayo na "M/Asha" mwezi ujao, Excel itawahesabu watu watatu na jumla ya michango yake haitapatikana tena.

Dalili ya pili ni namba kubadilika zenyewe. Excel huondoa sifuri ya mwanzo kwenye namba ya simu, 07 ikabaki 7. Vilevile hushika tarakimu 15 tu za namba. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) ina tarakimu 20. Ukiiandika bila vistari katika seli ya kawaida, tarakimu 5 za mwisho zinageuka sifuri na hakuna njia ya kuzirudisha.

Ya tatu ni ukubwa. Karatasi moja ya Excel ya sasa ina mistari 1,048,576, na mtu binafsi ni nadra kufika huko, lakini aina ya zamani ya faili, .xls, huishia mistari 65,536. Mwaka 2020 nchini Uingereza maambukizi karibu 16,000 ya korona hayakuingia kwenye hesabu kwa wakati, kwa sababu matokeo ya vipimo yalipitishwa kwenye mafaili ya aina hiyo na mistari iliyozidi ikaachwa nje.

Kanzidata na hifadhidata ni vitu viwili?

Ni kitu kimoja. Tumia neno ulilolizoea.

Kabla ya kupakua chochote, nijiulize nini?

Maswali matatu, kwa mpangilio huu. Nani ataandika humo, ni wewe tu au watu kadhaa kwa wakati mmoja? Wataandikia wapi, kwenye kompyuta moja au kila mmoja na yake? Je, unaweza kuitoa data yote siku ukiichoka programu hiyo? Watu wengi huanza na swali la ipi ina nguvu zaidi, wakaishia kusakinisha seva ya ofisi nzima ili kutunza majina ya watu 30. Nguvu hiyo ina gharama: huduma inayokula kumbukumbu ya kompyuta muda wote, nenosiri la msimamizi la kukumbuka, na kazi ya kupandisha toleo kila baada ya miaka kadhaa.

Basi kwa mtu mmoja, ipi?

SQLite, pamoja na programu ya kuifungulia iitwayo DB Browser for SQLite. Zote mbili ni bure, na zinafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux.

SQLite ilianzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000. Haina seva: kanzidata nzima, pamoja na majedwali, data na kanuni zake, ni faili moja unaloweza kulinakili kwenye flashi. Imo tayari ndani ya kila simu ya Android na iPhone, kwa hiyo haitatoweka kesho, na watengenezaji wake wametangaza kwamba wamekusudia kuitunza hadi mwaka 2050. Kikomo cha ukubwa ni terabaiti 281. Diski yako itajaa kabla.

Inashindwa pale watu kadhaa wanapoandika kwa wakati mmoja kutoka kompyuta tofauti. Wasomaji wanaweza kuwa wengi, ila mwandishi ni mmoja kwa zamu, na faili likikaa kwenye folda ya mtandao wa ofisi, ufungaji wa faili hauaminiki na data inaweza kuharibika.

Nianze vipi, hatua kwa hatua?

Sakinisha DB Browser toleo la 3.13 au jipya zaidi. Matoleo ya zamani hayalijui neno STRICT linalotumika hapa chini kulazimisha kila safu ipokee aina yake tu ya data. Bofya "New Database", lipe faili jina, mfano kikoba.db, kisha funga dirisha la kutengeneza jedwali litakalojitokeza. Nenda "Execute SQL" (SQL ni lugha ya kuiamuru kanzidata) uandike:

CREATE TABLE wanachama (
  namba INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  simu TEXT,
  nida TEXT,
  alijiunga TEXT NOT NULL,
  aliondoka TEXT
) STRICT;

CREATE TABLE michango (
  namba INTEGER PRIMARY KEY,
  mwanachama INTEGER NOT NULL REFERENCES wanachama(namba),
  tarehe TEXT NOT NULL CHECK (tarehe IS date(tarehe)),
  kiasi INTEGER NOT NULL CHECK (kiasi > 0)
) STRICT;

Endesha, kisha bonyeza "Write Changes" au Ctrl+S. Hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza kazi: DB Browser haiandiki chochote kwenye faili mpaka ubonyeze kitufe hicho. Ukiandika michango ya watu 30 halafu kompyuta ikazimika, umepoteza yote 30.

Baada ya hapo ingia "Edit Pragmas" uhakikishe "Foreign Keys" imewekewa alama. SQLite yenyewe huja ikiwa imeizima, na bila alama hiyo unaweza kuingiza mchango wa mwanachama namba 99 ambaye hayupo.

Kila mwanachama anatambulika kwa namba, si kwa jina. Katika kikoba cha watu 30 si ajabu kuwa na akina Fatuma Juma wawili, na mtu akibadilisha jina au namba ya simu unasahihisha mahali pamoja tu.

Kwa nini simu na NIDA ziwe TEXT ilhali ni namba?

Kwa sababu hutazijumlisha wala kuzigawanya. Kitu ambacho hukifanyii hesabu ni maandishi, hata kama kina tarakimu tupu. Kwa NIDA kuna sababu ya ziada: INTEGER (namba kamili) ya SQLite huishia 9223372036854775807, yaani tarakimu 19, hivyo tarakimu 20 haziingii. Safu ya INTEGER isiyo na STRICT itaigeuza namba hiyo kuwa desimali na kupoteza tarakimu za mwisho bila kutoa onyo. STRICT hukataa na kukuambia.

Na fedha na tarehe?

Fedha ziwe namba kamili. Shilingi ya Tanzania iandike ilivyo. Kwa sarafu ambayo senti zake bado zinahesabika, andika kila kitu kwa senti, 150.50 iwe 15050. Usitumie REAL (namba za desimali) kwa fedha: kompyuta haiwezi kuiandika 0.1 kwa ukamilifu katika mfumo wake wa tarakimu mbili, na makosa hayo madogo yakijumlishana jumla inaweza kukosa kulingana kamili na daftari, kosa gumu kulitafuta kuliko lenyewe lilivyo.

Tarehe ziandike mwaka-mwezi-siku, 2025-03-05. SQLite haina aina maalumu ya tarehe, na mpangilio huu unajipanga sawasawa ukipangwa kama maandishi. Pia unaondoa utata wa 3/5 na 5/3. Kanuni ya CHECK iliyo hapo juu inakataa "05/03/2025". Angalia kwamba imetumia IS, si alama ya =. Tarehe iliyokosewa humfanya date() arudishe NULL, yaani thamani tupu, na CHECK huipitisha NULL kana kwamba ni sahihi; ukiweka = mlango unabaki wazi.

Niweke safu ya salio?

Usiweke. Salio ni jawabu la hesabu, na jawabu likiandikwa pembeni ya hesabu yake, siku moja vitapingana. Andika matukio tu, mchango, mkopo, rejesho, kila tukio mstari wake, kisha uliza:

SELECT w.jina, COALESCE(SUM(m.kiasi), 0) AS jumla
FROM wanachama w
LEFT JOIN michango m ON m.mwanachama = w.namba
GROUP BY w.namba
ORDER BY w.jina;

Ukiandika JOIN bila LEFT, mwanachama ambaye hajachanga hata mara moja anatoweka kwenye orodha, na huyo ndiye mkutano unayemuulizia.

Kwa sababu hiyohiyo, mtu akitoka kikoba usimfute. Jaza tarehe kwenye safu ya aliondoka. Michango yake ya nyuma inahitajika ili mahesabu ya mwaka yakae sawa.

Nahamishaje kilichomo kwenye Excel?

Tengeneza majedwali kwanza, kama hapo juu. Kwenye Excel, hifadhi karatasi kama CSV UTF-8, yaani faili la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato. Kisha katika DB Browser fuata File, Import, Table from CSV file. Weka alama kwenye "Column names in first line", na jina la jedwali liwe lilelile ulilotengeneza, safu zikiwa idadi ileile na mpangilio uleule. Ukiiacha programu itengeneze jedwali yenyewe, hukisia aina ya kila safu, na safu ya simu ikionekana ni namba tupu, sifuri za mwanzo zinaondoka. Kama lazima uiache ifanye hivyo, fungua sehemu ya "Advanced" uchague "Disable data type detection".

Data yote ikiingia kwenye safu moja, faili lako linatenganisha kwa nukta mkato badala ya mkato. Badilisha "Field separator". Ukikuta herufi za ajabu mahali pa alama za kunukuu, tatizo ni usimbaji, rudi uchague UTF-8. Na ukishapata CSV nzuri, usiifungue kwa Excel ukaihifadhi tena, kwani itazila sifuri upya.

Mwisho hesabu. Idadi ya mistari na jumla ya fedha lazima zilingane na za Excel kabla hujaliweka faili la zamani kando.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika?

SQLite imejengwa kwa ajili ya hali hiyo. Kabla ya kubadili kitu huandika kwanza yaliyokuwapo kwenye faili la pembeni, kikoba.db-journal, au mabadiliko mapya kwenye kikoba.db-wal, kutegemea namna ilivyowekwa. Umeme ukirudi, ukifungua kanzidata inasoma faili hilo na kujirekebisha. Hatari ni mkono wa mtu: kuona faili usilolijua na kulifuta, au kunakili kikoba.db peke yake ukaliacha la pembeni. Ukifanya hivyo umeitupa dawa yenyewe. Faili hilo likiwepo, fungua kanzidata, ifunge kawaida, kisha ndipo unakili.

Naweza kuliweka faili kwenye Google Drive au Dropbox na kulitumia kutoka humo?

Hapana, usifanyie kazi humo. Programu za kusawazisha hunakili faili wakati wowote, hata katikati ya maandishi, na ukilifungua kwenye kompyuta mbili zitakutengenezea matoleo mawili yasiyoweza kuunganishwa. Fanyia kazi kwenye diski ya kompyuta, kisha peleka huko nakala iliyokamilika.

Nakala ya akiba naitengenezaje?

Andika mabadiliko yako kwanza, kisha kwenye "Execute SQL":

VACUUM INTO 'D:/akiba/kikoba-2025-03-31.db';

Amri hii hutoa nakala safi hata kanzidata ikiwa wazi. Ikikataa, mara nyingi ni kwa sababu faili la jina hilo lipo tayari, ndiyo maana tunaweka tarehe kwenye jina. Mara moja kwa mwezi toa pia File, Export, Database to SQL file. Hilo ni faili la maandishi ambalo binadamu analisoma kwa macho, na kwa marekebisho machache hata programu nyingine ya kanzidata italipokea.

Weka nakala tatu, juu ya vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Flashi pekee si akiba. Hupotea na hufa bila taarifa. Na nakala ambayo hujawahi kuifungua usiitegemee: ifungue, endesha PRAGMA integrity_check, na jibu liwe "ok", kisha angalia mchango wa mwisho upo.

Mbona LibreOffice Base haitajwi? Inafanana na Access ya Microsoft.

Inafaa kwa mtu anayetaka fomu za kujazia na ripoti za kuchapisha bila kuandika SQL. Inakuja ndani ya LibreOffice, ambayo kuipakua ni zaidi ya MB 300. Lakini jua mambo mawili. Injini yake ya ndani ya kawaida, HSQLDB, inahitaji Java, na LibreOffice ya biti 64 inataka Java ya biti 64. Zisipolingana utaambiwa Java haipo hali ipo. La pili ndilo zito: data na fomu zote zinafungwa ndani ya faili moja la .odb, na kompyuta ikizimika kabla faili halijafungwa vizuri unaweza kupoteza ulichoandika, pengine faili zima.

Njia salama ni kuitumia Base kama dirisha tu, data ikikaa kwenye SQLite kupitia kiendeshi cha ODBC (kiunganishi kati ya programu na kanzidata), au kwenye MariaDB inayoelezwa hapa chini. Fomu unazipata, na data haimo kwenye .odb.

MySQL, MariaDB na PostgreSQL ni za nani?

Za watu wanaoandika pamoja kutoka kompyuta tofauti, na za wanaojifunza kwa ajili ya kazi. MariaDB ilitengwa kutoka MySQL mwaka 2009, wakati Oracle ilipokuwa inainunua Sun iliyomiliki MySQL, na amri zake nyingi bado ni zilezile. PostgreSQL asili yake ni mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza mwaka 1986. Kwa tovuti ya WordPress chukua MariaDB. Kwa kujifunza, PostgreSQL, kwa kuwa ni kali kwenye aina za data na ukali huo unakufundisha vizuri.

Ukisakinisha mojawapo, iache isikilize 127.0.0.1 tu, yaani kompyuta hiyohiyo. Usifungue mlango wa mtandao wa 3306 (MySQL na MariaDB) au 5432 (PostgreSQL) kwenye ruta ili "uifikie ukiwa safarini". Kuna roboti zinazoipekua intaneti saa zote zikijaribu manenosiri kwenye milango hiyo. Kwenye MySQL chagua usimbaji wa herufi wa utf8mb4: "utf8" yake ya zamani ina baiti 3 tu kwa herufi, na emoji iliyonakiliwa kutoka WhatsApp itagoma au kukata maandishi.

PostgreSQL hutoa toleo kubwa kila mwaka na kulitunza miaka 5. Toleo kubwa jipya halisomi folda ya data ya toleo lililotangulia. Toa data kwa pg_dump kabla hujaondoa la zamani, au tumia pg_upgrade. Wanaoondoa kwanza ndio wanaobaki na folda wasiyoweza kuifungua.

"Bure" hapa ni bure ya namna gani?

Ziko namna mbili. SQLite ni mali ya umma, haina hata leseni. PostgreSQL, MariaDB na LibreOffice ni programu huria. Hizo hazitakugeukia. Namna ya pili ni bure yenye uzio: SQL Server Express hadi toleo la 2022 huishia GB 10 kwa kanzidata, na Access Runtime ni bure ila inaendesha tu kilichojengwa na Access ya kununua. Huduma za mtandaoni zenye daraja la bure nazo ni za namna hiyo, na kikomo chake mwenye huduma anaweza kukipunguza. Ukizitumia, toa CSV kila mwezi.

Nina simu tu, sina kompyuta.

Google Sheets itakutosha kwa kuanzia, na inafanya kazi hata bila intaneti ukiwasha faili lipatikane nje ya mtandao. Zipo programu za Android zinazofungua mafaili ya SQLite, lakini kutengeneza majedwali kwa kioo cha simu ni taabu. Azima kompyuta siku moja ujenge kanzidata, kisha ujaze kwa simu.

Picha za risiti niziweke ndani?

Picha ya simu ina MB 2 hadi 4. Risiti 1,000 zitalifanya faili liwe la GB kadhaa, na kila nakala ya akiba itachukua muda. Weka picha kwenye folda kando ya kanzidata, ndani andika njia fupi tu, mfano risiti/2025-03-05-017.jpg. Usiandike njia ndefu inayoanza na C:, maana siku ukihamia kompyuta nyingine zote zitakufa. Vipicha vidogo chini ya KB 100 vinaweza kukaa ndani bila shida.

Naweza kuifunga kwa nenosiri?

SQLite ya kawaida haina. DB Browser kwa Windows huja pia na toleo la SQLCipher linalofumba faili zima. Ukisahau nenosiri, data imekwenda, hakuna wa kumpigia. Ukibadilishana faili na mwenzako, naye lazima awe na SQLCipher. Wengi wanatosheka na kufumba diski nzima kwa VeraCrypt au BitLocker.

Nina faili la zamani la Access na sina Access.

Kwenye Linux sakinisha MDB Tools. Amri ya mdb-tables inakuorodheshea majedwali, mdb-schema inatoa muundo, na mdb-export inatoa kila jedwali kama CSV. Kwenye Windows, DBeaver Community hufungua .mdb na .accdb na kuyatoa vilevile. Fomu na ripoti hazivuki, utazijenga upya. Fanyia nakala, si faili lenyewe.

Majina na namba za watu wengine zilizomo, kuna sheria?

Ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya 2019. Orodha ya simu za ndugu zako ni jambo la nyumbani, lakini taarifa za wanachama si zako peke yako. Chukua unachohitaji tu. Kama kikoba hakina haja ya NIDA, ifute safu hiyo:

ALTER TABLE wanachama DROP COLUMN nida;

Kisha endesha VACUUM;, kwa sababu SQLite ikifuta huacha maneno ya zamani ndani ya faili hadi nafasi yake itumike tena. Kumbuka pia nakala za akiba za nyuma. Safu hiyo bado imo humo.